Miaka Thelathini na Minane ya Kuwachagulia Wengine

Kwa muda mrefu nimejiuliza kama mwalimu anaweza kumtendea mwanafunzi wema ambao mwanafunzi mwenyewe hakuuomba, na bado ukaitwa wema. Swali hilo limenisumbua zaidi tangu nilipopewa jukumu la kuandika wasifu wa Mama Godelieve Kabemba, mwalimu wa hisabati katika shule yetu ya Kapata, anayestaafu tarehe 2 Julai 2025 baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Yeye mwenyewe alinionya mapema: « Andika yote. Usiniwekee sukari. »

Alianza kazi mwaka 1987, enzi ambazo nyumba za wafanyakazi wa mgodi zilikuwa bado zikipakwa rangi kwa zamu. Mgodi ulipofilisika na enzi hizo zikaisha, hata chaki ziliadimika. Mama Godelieve akafundisha kwa mkaa juu ya sakafu ya saruji, na adhabu ya mchelewaji ikawa kupiga deki milinganyo ya jana. Wengi wetu tuliosoma kwake tulijua kuisugua x kabla ya kujua kuitafuta.

Mwaka 2004 karibu nusu ya darasa letu ilihamia mtoni kuosha mawe ya shaba. Mama Godelieve aliwafuata huko na daftari la mahudhurio, akasimama matopeni na viatu vyake vya kanisani, akaanza kuita majina.

« Kanyinda! »

« Présent, Mama! » akajibu Kanyinda kwa mazoea ya darasani, gunia likiwa begani.

« Présent wapi? Présent inakuwaka ku kalasi! »

Wachimbaji walicheka hadi wakaweka sepetu chini. Kanyinda alirudi shuleni siku ileile, suruali ikichuruzika maji.

Mwisho wa mwaka ule, kama ilivyo desturi, mwalimu wa darasa, naye ni Mama Godelieve, aliandika chini ya kila buletini, yaani ripoti ya matokeo, mkondo wa masomo ambao mwanafunzi angeufuata. Kanyinda, aliyepata asilimia sitini na moja, aliandikiwa kemia. Leo anasimamia maabara ya mgodi mmoja upande wa machimbo ya Mashamba, na ndiye atakayetoa hotuba ya shukrani siku ya sherehe ya kumuaga Mama. Mimi nilipata themanini na saba. Niliitaka kemia, na darasa zima lilijua. Nikaandikiwa ualimu. Baba yangu aliisoma buletini, akaikunja. « Mama Godelieve akishasema, imeisha. »

Nilisoma chuo kikuu Lubumbashi, nikarudi Kapata kufundisha, na kwa miaka kumi na mmoja mimi na Mama Godelieve tumeketi meza moja bila kulitaja jambo hilo. Mwezi wa Mei, tukijaza buletini, ndipo nilipomuuliza. Hakuhangaika kutafuta maneno.

« Kanyinda angerudia ku mine ya shaba hata bila masomo. Afazali aingilie ku mulango. Lakini wewe? Bazuri bote bakienda kule, nani atabakia na batoto? »

« Na mi, Mama, juu ya nini haukuniuliza? »

Alifuta miwani yake. « Ungekatala. »

Sijawahi kusikia ungamo lililonyooka hivyo, wala lililoniuma hivyo. Hata hivyo, watoto mia kadhaa wamepita mikononi mwangu, na siwezi kusema ingekuwa heri wasinipate. Huenda hasira yangu ni ya haki na hukumu yangu ikawa kosa. Huenda pia nasema haya kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kumtetea.

Darasa lake sasa ni langu. Buletini ya kwanza aliyoniachia nijaze peke yangu ni ya Shekina, msichana mwenye asilimia tisini na moja. Niliazimia nisimfanyie nilivyofanyiwa. Nikamwita, nikamuuliza anataka kusoma nini. Akainamisha macho kwa adabu ileile tuliyofunzwa sote.

« Vile Madame ataona. »

Mama Godelieve, asante kwa uliowatoa mtoni, na kwa sisi uliotuzuia ubaoni. Nenda salama Lubudi kwenye shamba lako. Mvua ikunyeshee kwa wakati, na magoti yasikusumbue. Tunakuombea siku nyingi na njema. Swali langu sijalijibu, kwa kuwa mwanakemia ambaye ningekuwa hayupo wa kuulizwa kama ana furaha. Na nafasi ya mkondo iliyo chini ya buletini ya Shekina ingali tupu, nami natakiwa kuijaza kabla ya Ijumaa.

Charlotte Tshiela, mwalimu wa hisabati