Mwalimu Tulinagwe Aliyedhani Anaibiwa

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami tumkumbuke Mwalimu Tulinagwe wa Masukulu, aliyetutoka wiki iliyopita kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kumi na minane kati ya hiyo alifundisha darasa la tatu.

Miaka sita iliyopita vitu vilianza kupotea nyumbani kwake. Funguo. Miwani. Daftari la mahudhurio. Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mumewe Ezron, na wifi yake Loyce. Mwalimu akaanza kumtazama Loyce kwa jicho la pembeni. Akafunga kabati. Akahesabu vijiko. Siku miwani ilipoonekana ndani ya debe la unga, akalipuka.

"Wifi, unataka nionekane kichaa?"

Loyce akafungasha nguo, akarudi Kinyala. Vitu vikaendelea kupotea.

Shuleni nako walinong'ona. Mwalimu anapepesuka. Anakatisha sentensi katikati. Wakasema anakunywa. Hata Ezron anakiri kwamba alimnusa mdomo aliposinzia kwenye kochi. "Sikukuta kitu," anasema. "Bado sikumwamini."

Vipimo vya hospitali ndivyo vilivyosema kweli: ugonjwa uitwao multiple sclerosis. Kinga ya mwili hushambulia ubongo na neva. Mwili huchoka, na kwa wengine kumbukumbu na umakini hupungua pia.

Ndipo akaja Asia, mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mgonjwa kuzimudu tena shughuli zake za kila siku. Akakaa jikoni na kalamu. "Mwalimu, naomba unipikie chai." Mwalimu akahisi Asia ametumwa na mwajiri, ili yeye astaafishwe.

"Unamwandikia nani?"

Asia akampa daftari. "Soma mwenyewe."

Akasoma: *Ameweka majani mara mbili. Redio ilipozimwa, hakukosea.* Ndiyo, redio, wasikilizaji wangu. Tusamehewe.

Asia hakumrudishia kumbukumbu. Alimwonyesha namna ya kuishi na ile iliyobaki. Funguo zikapata msumari wake. Simu ikamkumbusha dawa. Kazi nzito asubuhi, kabla ya uchovu. Jambo moja kwa wakati. Darasani, hatua za somo aliziandika kwenye kona ya ubao. Akafundisha miaka mitatu zaidi.

Na siku moja akapanda kwenda Kinyala, karatasi mkononi. Loyce ametusimulia: "Alinisomea yote. *Mwombe wifi msamaha. Usijitetee.* Hata hilo la usijitetee alilisoma kwa sauti! Nikacheka, nikalia. Nilimsamehe. Lakini miaka miwili aliniona mwizi. Hiyo hairudi."

Ezron, Loyce, walimu na wanafunzi wa Masukulu, poleni sana. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kutuamini na kutupa habari zake.

Nawe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwenu yupo anayesahau, na yupo anayeshukiwa kwa sababu hiyo. Anayesahau, mpelekeni hospitali. Anayeshukiwa, mfuateni alipo. Mfuateni angali hai.