Humber Nyeusi ya Watiri

Nderitu, funga mlango, lakini dirisha liache wazi, kwa maana nataka wale waliokaa uani wasikie bila kusumbuka kutega masikio. Sogeeni karibu, ninyi wawili niliowabeba mgongoni. Kagure binti yangu, kaa hapa kitandani, usijali hiyo suruali yako yenye oili, shuka nitakazolalia sasa hazina haja ya kuwa safi. Na wewe Monicah, rafiki yangu, usitoke, ulikuwepo katika mengi ya haya, nikikosea unirekebishe. Daktari ameshasema lake na mimi nimelisikia. Pumzi niliyobaki nayo nataka niitumie vizuri.

Mimi Watiri, mjane wa Moffat, nina akili zangu zote. Shemeji yangu Kingori ameketi pale nje pamoja na wazee wa ukoo, amevaa ile kofia yake ya mazishi na mimi bado ninapumua. Hakuja kwa sababu ya nyumba hii ya hapa mtaani Skuta, wala ya shamba la Tetu, kwa kuwa hayo yalishaandikwa na anajua. Anangoja gari. Ameingoja Humber nyeusi tangu wiki ile tuliyomzika baba yenu, na ameamini miaka yote hii kwamba nikifa itarudi kwake. Basi leo naeleza jinsi ilivyokuja, jinsi ilivyopona, na inakokwenda, ili kesho asiwepo mtu wa kusema hakuambiwa.

Baba yenu alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye mashamba ya ngano kule Timau. Humber ilikuwa gari la kwendea sherehe, viti vya ngozi nyekundu, ubao wa mbele umeng'aa hata unajiona uso, injini ya mitungi sita ambayo baba yenu alisema ikiwa imetulia unaweza kusimamisha shilingi juu yake na isianguke. Kisha mzungu akanunua gari la mashambani, Humber ikasukumwa ghalani, kuku wakataga juu ya ile ngozi, panya wakala nyaya, na injini ikakaa bila kuwashwa mpaka pistoni zikashikana ndani kwa kutu. Uhuru ulipofika aliuza shamba, na siku ya kuondoka, mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia Moffat, "Ukiweza kuitoa hapa, ni yako." Alicheka aliposema hivyo, na wafanyakazi nao wakacheka. Moffat peke yake hakucheka. Aliazima trekta, akafunga mnyororo, akaivuta kutoka Timau hadi Nanyuki, Naro Moru, Kiganjo, mpaka hapa, na aliyeshika usukani wa hilo gari lililokufa nyuma ya trekta, breki zikiwa hazishiki, nikiwa na mimba yako Kagure, alikuwa ni mimi. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba nililikuta gari la mume wangu likiwa limeegeshwa. Nililileta.

Aliifungua injini hapo bandani jioni baada ya jioni, alipokuwa amepata kazi ya kuendesha lori la kahawa. Alimimina mafuta ya taa kwenye mitungi na kuyaacha yanywe kutu polepole, na kila chuma alichotoa alinipa mimi nikioshe. Ndiyo, niliosha, kama nilivyoosha nguo zenu, na nilipokuwa naosha nilimuuliza hiki kinakaa wapi, na kile kinazuia nini, naye akanijibu kwa sababu hakuwa mtu wa kumwonea mkewe haya. Nilivipanga kwenye sufuria kuukuu, vya juu sufuria yake, vya chini sufuria yake. Majirani walisema mke wa Moffat anapika boliti. Kisha mwaka ule wa mvua nyingi baba yenu akarudi safarini akiwa na homa, mapafu yakajaa, na hakuona mwisho wa wiki. Injini tuliiacha ikiwa wazi, imefunikwa gunia.

Hata udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka Kingori alipokuja. Nderitu, ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka kiatu chake kilivyokuwa kikigonga sakafu. Alisimama palepale mlangoni akasema, "Mama Nderitu, hii gari ni ya ukoo. Kuna mtu Karatina atainunua kama vyuma. Na wewe utakuja kukaa kwangu, ndiyo desturi."

Nikamwambia, "Desturi nimeisikia. Gari haliuzwi, na mimi sihami."

"Ati utaifanyia nini? Ni vipande tu."

"Nitaviunganisha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka kama yule mzungu. Nami nilipomtazama akicheka, moyo wangu ukakaza kabisa, nikajua kwamba hata kama sijui namna ya kuifanya kazi ile, nitaifanya.

Alipoona sijafuata maneno yake, alingoja siku nilipokwenda sokoni, akaja na vijana wake, akang'oa magurudumu ya nyuma akaondoka nayo. Nilikuta gari limekalia mawe kama ng'ombe aliyevunjika kiuno. Nilikwenda kwa chifu, chifu akasema ni mambo ya familia. Nilikwenda kwa wazee, na hao baadhi yao wako pale nje sasa hivi, wakanywa chai yangu wakasema nimheshimu shemeji yangu. Na wakati huo kila mtu Tetu alikuwa anaona magurudumu yangu, kwa sababu Kingori aliyafunga kwenye mkokoteni wa punda. Gari la kifahari la watu wa Timau, magurudumu yake yanabeba viazi!

Monicah, usianze kucheka, utanifanya nikohoe.

Tulikwenda Jumapili. Nilitia jeki na spana ya magurudumu katika kiondo, nikafunika kwa majani ya ng'ombe, na Monicah hapa akabeba kiondo kingine kisicho na kitu ili tuonekane tunatoka shambani. Mkokoteni ulikuwa umeegeshwa nje ya kanisa, kwa kuwa Kingori alimleta mama yake, nyanya yenu Waithira, ibadani akiwa amekalia mkeka juu yake. Tukamfungua punda kwanza tukampa yale majani. Tukakaa chini ya ukuta tukangoja. Wimbo wa mwisho ulipoanza nilipiga jeki, na watu walipotoka walinikuta nimepiga magoti kwa nguo yangu ya Jumapili, nati ya kwanza iko mkononi.

Kingori alikuja mbio. "Mama Nderitu! Unafanya nini na mkokoteni wangu?"

"Sina haja na mkokoteni wako. Natoa magurudumu yangu."

"Mbele ya kanisa? Watu wote wanaona!"

"Ndiyo sababu nimengoja ibada iishe."

Alinyosha mkono kunishika bega, na hapo ndipo nyanya yenu alipopita katikati yetu na fimbo yake, mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo hata akawa mfupi kuliko Kagure wa wakati huo, akamtazama mwanawe kutoka chini, akamwambia, "Mwache. Miaka yote nimekuja hapa kwa miguu, nitarudi kwa miguu." Kisha akageukia kwangu. "Toa, mwanangu. Gurudumu la pili limekaza, tumia uzito wa mwili." Nikatumia uzito wa mwili. Tukayaviringisha magurudumu njia nzima, Monicah moja na mimi moja, na kwenye mteremko lake lilimtoroka likaingia shamba la watu likakata mahindi, na mwenye shamba alipojua magurudumu ni ya nani alikataa malipo.

Haya. Injini nayo haikunionea huruma. Vali nilizisaga kwa mkono, unapaka ile dawa yenye mchanga laini, unapekecha kijiti kati ya viganja, unapekecha mpaka ngozi inatoka, na mwisho vali inakaa mahali pake bila kupitisha hata pumzi. Niliifunga yote, nikaiwasha, ikapiga kelele moja nzuri, kisha maji yakaingia kwenye oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimeweka gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzuia maji yasivuje, juu ya chuma nisichokisafisha vizuri. Nililia, ndiyo, nikiwa nimelala chini ya gari ambako hakuna anayeona, kisha nikafungua boliti zote tena. Safari ya pili nilikwangua chuma mpaka kikawa kama sahani, nikakaza kuanzia boliti za katikati nikienda nje, kidogo kidogo, nikirudia. Ilipowaka mara hiyo haikuzima. Niliketi kitini nikaisikiliza mpaka petroli ikakaribia kwisha, na sikuwa na petroli nyingine, na sikujali.

Mengine mnayajua. Barabara zetu hazikutengenezewa gari lile, tumbo lake lilikuwa linasugua mawe, basi nikaongeza jani la springi ya lori kwenye kila upande wa nyuma likainuka. Lilikuwa linachemka kwenye milima, nikalitafutia radieta kubwa zaidi na kukata chuma ikae. Taa zake zilikuwa hazitoboi ukungu, nikafunga nyingine. Ngozi nyekundu iliyonyewa na kuku niliibandua nikashona upya kwa sindano ya fundi viatu. Nikajifunza kuendesha, nikapata leseni, na kwa gari hilo nimebeba mabibi harusi wa Nyeri, wa Karatina, na hata wa Wang'uru, ambako tulirudi na magunia ya mchele kwenye buti. Gari hilo ndilo lililowasomesha.

Sasa sikilizeni mgawanyo. Kagure, nipe maji kwanza.

Nderitu, nyumba hii na shamba la Tetu ni vyako, na dada yako ana chumba humu maisha yake yote, hata akiolewa, hata akirudi. Humber ni ya Kagure, pamoja na banda, jeki, spana na kila kopo la nati. Najua umekasirika, mwanangu, nauona mdomo wako. Najua una mtu wa hoteli huko Nairobi anayetaka kuinunua, aondoe springi zangu na radieta yangu, airudishe ilivyotoka kiwandani, aiweke mlangoni wageni wapigie picha. Umesema itakuwa heshima. Sikuitoa kwa kuku ili niipeleke kwa watalii. Nakupenda sawa na dada yako, lakini hujawahi hata mara moja kuinua boneti ile kwa hiari yako, na mtu hapewi kitu ambacho atakitoa kwanza kabla ya kukijua.

Na wewe Kingori, najua umesogea karibu na dirisha, nakisikia kiatu. Unataka kusema kwamba msichana ataolewa na gari litatoka katika ukoo. Na litoke! Lilikuja hapa bila ukoo. Likienda Meru, likienda Kisumu, litakwenda na mtu anayejua kulitengeneza.

Kagure, usiliache likae hata wiki moja bila kuliwasha, mipira yake inakauka. Vali zipime injini ikiwa na moto. Usimruhusu fundi yeyote akuambie uende ukakae kivulini wakati anafanya kazi, simama hapo, uliza. Breki ya kushoto nyuma inavuta, nilitaka kuishughulikia nikashindwa kuinama.

Iko ahadi moja ambayo sikuitimiza. Marete, seremala wa Timau, alinichongea ubao wa mbele ule ulio garini sasa, akaupiga msasa na kuupaka mafuta kwa mikono yake, akakataa malipo. Aliniambia tu, siku binti yake Karwitha akiolewa nimpeleke kanisani. Harusi ni Desemba. Kagure, utakwenda. Kama nitakuwa nimezikwa jana yake, utakwenda. Wakikuambia ni aibu kufunga maua kwenye gari la nyumba yenye msiba, funga maua mengi zaidi.

Mimi mnizike karibu na baba yenu. Jeneza halitaingia ndani ya Humber, msijaribu, mtaharibu milango. Liende kwa lori la kanisa, Humber itangulie, na asiendeshe mtu mwingine ila Kagure.

Leteni mikono. Yote. Monicah, na wako... Kinywa kimekauka, lakini mate kidogo yapo, haya, nimewatemea baraka kifuani na viganjani kama mama yangu alivyonitemea mimi. Mpate watoto wenye kichwa kigumu. Msilale njaa. Nderitu, umpende dada yako hata siku atakayokuudhi... na atakuudhi. Kagure, usilie, utajipaka oili machoni. Mikono yako iwe na nguvu. Iwe...

Ngoja. Nipumzike.

Nimewaambia yote? Monicah, nimesema yote?

Basi. Watu wale wamekaa juani tangu asubuhi. Wapelekeeni chai, ya maziwa, ikolee sukari, wasije wakasema... nyumba ya Watiri ina uchoyo. Wakimaliza, kusanyeni vikombe. Halafu waambieni waende nyumbani... hapa hakuna kilichobaki cha kugawa.