Upande Mkavu wa Leso

Basi la kwenda Kasungami lilijaa nyimbo, maana timu yao ilikuwa imeshinda kwa bao la mwisho. Ngosa, sauti imemkauka kwa kushangilia, alikuwa nyuma ya Kalenga, mchimba shaba mwenye mabega kama mlango. Kalenga alilia kwa furaha, akalilowesha koti lake la abakosi la Jumapili, mpaka jirani yake wa kiti, mama mmoja asiyemjua, akampa leso.

"Aksanti, citoyenne. Hii mupira itaniua!"

"Lia tu, papa. Uko na batoto?"

"Niko na mutoto mwanaume moya. Asubui njiwa yake ilikufa, akalia sana. Nikamukatalia: mwanaume hapashwe kulia."

"Ah bon? Na wewe sasa unafanya nini?"

"Mama! Hii ni mupira!"

Wanaume wote, nyuso zimelowa, walimuunga mkono. Ngosa naye alitikisa kichwa kukubali, huku akijipangusa machozi kwa kofia.

Basi likasimama. Kalenga akainuka, bado anabisha, akamrudishia mama leso yake. Mama hakuipokea.

"Umupelekee mutoto," alisema. "Upande moya iko bado kavu."