Daktari wa Kuzalisha Tu

Benchi la kibanda cha kahawa cha Bu Tun lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia asubuhi wanajuana hadi kikohozi. Upande wa tofali hukaa Profesa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kusema “sijui”. Anayefuata ni Masharubu, mwendesha baiskeli ya abiria ambaye abiria ndio humsubiri yeye. Wa tatu ni Pak Karso, mtengeneza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mgane wa miaka kumi na mitatu. Asubuhi hiyo Karso hakuwa amegusa glasi yake. Binti yake Ratri, daktari kule Surabaya, alikuwa amempigia simu alfajiri. Alisomea mambo mawili yanayofundishwa pamoja, uzazi na magonjwa ya wanawake, na kabla ya adhuhuri hospitali ilitaka aseme ataingia wodi gani. Anataka kuzalisha tu. Ila hatii saini bila radhi ya baba yake, na baba radhi imemkwama kooni.

— Kuzalisha tu? — Masharubu alishangaa. — Si sawa na fundi baiskeli anayejaza upepo tu? Mnyororo ukikatika, anakwambia sogea mbele.

— Wewe nawe! — Profesa akamkata. — Tatizo ni hesabu. Watu siku hizi wanazaa wawili, wanafunga duka. Miaka ishirini ijayo watoto wataisha, na daktari wa kuzalisha atakuja kukaanga tofu hapa na Bu Tun.

— Hapa hakuna nafasi, — alisema Bu Tun bila kugeuka.

Masharubu akashusha sauti.

— Mimi naona mkono wa mtu. Mbah Rebi, yule bibi mkunga, alikufa bila mrithi. Na Ratri alizaliwa mikononi mwake. Bibi anamvuta huyo.

— Amfuate mpaka Surabaya?

— Marehemu halipi nauli, Profesa.

— Jamani, niacheni, — Karso alisema. — Ile saratani ya kizazi ilimmaliza mama yake tukiiangalia. Mimi nimekanyaga soya mpaka magoti yameisha ili mtoto asome, arudi aipige vita. Sasa kafika mlangoni, anageuka. Kama huo si woga ni nini?

Profesa akajaribu kumtuliza.

— Ratri mwoga? Siku aliyozaliwa mtaa mzima ulimsikia.

— Jumanne Kliwon, — Karso akasema hapo hapo, na uso ukamlegea kidogo. — Mvua inamwagika. Kondo la nyuma nililiosha kwa mikono yangu hii, nikalizika kando ya mlango, nikaliwashia taa siku thelathini na tano. Haikuzimika hata mara moja.

— Wangu wa kwanza Jumamosi Legi, — alisema Masharubu.

— Wangu Alhamisi Pon, saa nne kasoro, — alisema Profesa.

Mtaani hapo mwanamume anaweza kusahau siku aliyooa, lakini siku ya wiki na siku ya soko, katika zile tano za Kijava, aliyozaliwa mwanawe haimtoki kichwani.

Pembeni alikuwa amesimama mama muuza jamu, dawa za kienyeji za kunywa, mgeni, wiki yake ya kwanza kupita njia ile na kikapu cha chupa za mitishamba mgongoni. Alikuwa akimmiminia Bu Tun maji ya manjano.

— Samahani, baba, — alimwambia Karso. — Na huyo mama yake, alianza kuumwa siku gani?

— Alifariki Ijumaa Wage.

— Pole sana, baba. Mimi nauliza alianza lini.

Karso akamtazama Profesa, na Profesa akatazama ndala zake. Kilichomjia Karso ni Ratri akiwa na sare ya shule, amechuchumaa kisimani kabla hakujakucha vizuri, anafua vitambaa vyenye damu. Alikuwa akimpita pale kila asubuhi na ndoo zake za soya. Alidhani ni mambo ya kike, akaona aibu kuuliza. Sasa ile aibu ilimgeukia, ikamchoma kuliko siku ya mazishi.

Akatoa simu.

— Ratri, mama yako alianza kuumwa lini?

— Jumatano Pahing, baba. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Aliniapisha nisikwambie.

— Ukawa unajua peke yako.

— Siku mia tisa na kumi na mbili. Nilizihesabu zote.

Karso alijifuta uso kwa kiganja.

— Huko kwenye kuzalisha, mwanangu, kina baba wanakuwepo?

— Wanakuwepo. Wengine wanashika mkono, wengine wanasubiri mlangoni.

— Basi tia saini. Radhi yangu unayo. Na unisamehe.

Muuza jamu alikuwa ameshabeba kikapu chake na kwenda. Masharubu akasimama, akaanza kuigeuza baiskeli yake.

— Unakwenda wapi? — Bu Tun alimuuliza. — Kahawa yako hujaigusa.

— Nyumbani mara moja. Kuna kitu sijawahi kumuuliza mke wangu.