Aikande Hakutia Saini

Ndugu waombolezaji, familia ya Mzee Herieli inawasomea maisha ya binti yake, Mhandisi Aikande, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1984 hapa Singe, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mama Wilhelmina.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1992 hadi 1998, akaendelea na sekondari, na mwaka 2009 akahitimu uhandisi wa mawasiliano Dar es Salaam. Januari 2010 aliajiriwa na kampuni ya mitambo ya redio, akisanifu vichujio vya mawimbi, yaani makopo ya chuma yanayozuia redio moja isivamie nyingine, na kuvijaribu kwenye kompyuta kabla fundi hajakata chuma. Tarehe 15 Septemba 2012 alifunga ndoa na Bwana Leonard, wakajaliwa Joyness, 2013, na Jesse, 2016.

Mei 2019 mkuu wake alimletea majibu mazuri mno ya kichujio kipya, naye akagundua kwamba aliyeandaa jaribio aliiambia kompyuta kuwa chuma kile hakipotezi nguvu hata chembe, chuma ambacho duniani hakipo. Akarudia kwa siku nne, akaingiza alumini halisi, akaligawa umbo vipande vidogo zaidi ili hesabu iwe sahihi, ikaonekana kichujio kitachemka na kuvujisha mawimbi. Akaambiwa atie saini majibu ya kwanza hivyohivyo, mteja anasubiri.

"Kompyuta hujibu ulichoiuliza, mzee," alisema, "na hapa imeulizwa uongo."

Akaachishwa kazi Ijumaa ya wiki ileile.

Alirudi nyumbani, na wapo waliosema elimu imemzidi, wengine wamekaa hapa leo. Aliweka kompyuta chumba cha mbele, na mwaka 2021, redio moja ya mjini ilipofunika simu za upepo za magari ya wagonjwa, alikaa na jaribio lake siku tisa, fundi Yoakimu akakichonga kichujio, kikapimwa, kikafanya kama alivyosema, na kinafanya hadi leo.

Machi 2023 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu Arusha, kompyuta mapajani, hadi alipofariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Singe, na Yoakimu aliyemwamini kabla yetu. Kampuni ile imeleta shada, tumelipokea kwa heshima, ila isikike mbele ya jeneza hili kwamba Aikande alikuwa sahihi.

Pumzika, Mama Joyness, kwa amani ya mtu ambaye hakumdanganya yeyote.