Mikono ya Mama Tamar, Aliyeunga Mifupa Mulekera

Wapendwa wa familia, wakristo wenzetu, majirani wa Mulekera na ninyi mulioshuka kutoka Butembo, mimi Jokébed, binti yake wa kwanza, ndiye familia imetuma kusoma maisha ya mama yetu, Tamar Kahongya.

Alizaliwa Luofu, tarehe 9 mwezi wa tano 1948, kwa baba Nzanzu, aliyeunga mifupa, na mama Berthe, mulimaji. Alisoma shule ya primaire mupaka mwaka wa ine, akaachishwa ili kaka zake baendelee, lakini baba yake alimufundisha kwa vidole: mufupa uliopasuka tu, ule wa mutoto unaopinda kama kijiti kibichi bila kukatika, bega lililoteguka, na ule unaotoboa ngozi, ambao alimukataza kuugusa.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1967 aliolewa na baba Ézéchiel Muyisa, seremala, bakahamia hapa Mulekera, mutaa wa Beni, bakapata batoto batano, na kwa zaidi ya miaka makumi tatu kila aliyeanguka kwa pikipiki ao kwa paa alibebwa kwetu.

Tarehe 12 mwezi wa pili 2001, basoda ba jeshi balimuleta mwenzao, mufupa wa muguu umetoka inje. Mama akasema, "Huyu ni wa hospitali, mimi hapana. Nikimufunga, muguu utaoza." Mukubwa wao akajibu, "Funga." Akafunga, bunduki ikiwa kwenye shingo ya baba. Muguu ulioza, ukakatwa, na tarehe 23 balirudi, bakalaza mikono ya mama juu ya meza ya baba ya kazi, bakaivunja yote mbili kwa kitako cha bunduki. Majirani balisikia, kila mulango ukabaki umefungwa, na ndani ya nyumba hizo mulikuwa batu aliobasimamisha yeye.

Basoda bakakataza tumupeleke hospitali. Aliketi chini, akanipa mikono ili ninyooshe mifupa, akaniambia, "Jokébed, vuta." Nikavuta, akapiga kelele, nikaachilia. "Vuta tena, usinionee huruma." Sikuweza. Mifupa iliungana ikiwa imepinda, na tangu siku ile hakushika hata kijiko.

Tarehe 3 mwezi wa tisa 2002, akishuka kwenye chemchemi, aliteleza, vidole vikashindwa kukamata majani, paja likavunjika karibu na nyonga. Tulimupandisha hospitali ya Butembo juu ya camion, lori ya kubeba mbao, akalala wiki saba bila kugeuka, mapafu yakajaa, akafariki tarehe 24 mwezi wa kumi, saa ine ya asubuhi. Anaacha mume, batoto batano na bajukuu tisa.

Tunashukuru madaktari na bauguzi ba Butembo, baseremala baliotoa mbao za sanduku, na kanisa. Majirani, tunabashukuru kwa viti na maji ya leo. Familia iliniomba niishie hapo, lakini siku ile mikono ya mama ilivunjwa, tulihitaji mulango moja tu ufunguke.

Mama, nilikuhurumia vibaya. Pumzika sasa, katika amani ambayo sisi hatukukupa.