Mara Nne Mfululizo

Benchi letu liko mlangoni pa hekalu la Babu wa Udongo, na siku ya kumchagua mtunza chetezo hakuna anayelikalia kwa utulivu. Kila mwenye nyumba aliyejiandikisha anarusha vibao viwili vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Kimoja kikionyesha ubapa na kingine mgongo, Babu amekubali, unarusha tena. La sivyo unampisha mwenzio. Anayekubaliwa mara nyingi mfululizo anakwenda na chetezo kwake mwaka mzima, na halali nje ya kijiji hata usiku mmoja. Mzee Tan Bun-kiat alikuwa anaongoza kwa mara nne, bado watu ishirini na wawili, na ndani walikuwa wamepumzika kula tambi. Shida ni kwamba binti yake, Siok-hun, alikuwa anakuja kumchukua wakaishi wote mjini Kaohsiung. Tangu mzee aanguke bafuni, chumba kiko tayari.

— Tulia, Tan, unatutetemeshea benchi, nikamwambia.

— Wamemaliza kula?

— Hata bakuli hawajaweka chini.

Kaa, muuza samaki anayetembea upande upande, akajimiminia chai.

— Chetezo ni chako, ndugu yangu. Babu ana majibu matatu: ndiyo, hapana, na kucheka. Ndiyo ni moja kati ya tatu. Nani atafika tano?

— Kwa hiyo nabaki? Tan akauliza, uso umemshuka.

— Acha kupotosha watu! akasema Ticha, mwalimu mstaafu wa hesabu. Majibu matatu, lakini matokeo manne. Ubapa wote wawili, anacheka. Migongo yote miwili, anakataa. Ndiyo ina njia mbili: ubapa kushoto, au ubapa kulia. Uwezekano wake ni nusu. Tano mfululizo, nusu mara nusu mpaka tano, ni moja kati ya thelathini na mbili.

— Na watu ni ishirini na wawili, Kaa akadakia. Jumlisha! Ishirini na mbili juu ya thelathini na mbili! Tan, funga mizigo.

— Kwa hiyo naondoka? Na uso ukamshuka vilevile.

— Hujumlishi hivyo, we mtu! Ticha akang'aka. Wangekuwa arobaini ungepata zaidi ya hakika? Uwezekano hauvuki moja. Unazidisha wa kukosa, thelathini na moja juu ya thelathini na mbili, mara ishirini na mbili.

Mimi nikaona niokoe jahazi.

— Mnahangaika bure. Vibao vimeshatoa ndiyo nne, vimechoka. Sasa ni zamu ya hapana.

— Vibao havina kumbukumbu! Ticha akanigeukia. Kila mrusho ni tukio huru, haujui uliotangulia.

— Vinakumbuka sana, akasema Kaa. Viliukataa ukoo mzima wa Goh mpaka waliporudisha bata wa watu.

Ticha alikuwa anabonyeza simu.

— Nusu, akasema mwishowe. Nusu kasoro chembe kwamba wote wataikosa tano.

— Umetuzungusha kote huko ututupie nusu? Kaa akalalamika.

Tan akasimama, akachungulia ndani, akarudi, akasimama tena. Roho iliniuma kumtazama. Siok-hun akamkuta katika hali hiyo, begi tupu la nguo za baba yake begani.

— Shikamooni wazee. Nasikia Baba anaongoza.

Tukamrukia wote kwa pamoja. Ni nusu tu, mwanangu! Ni Babu mwenyewe! Ni bahati!

— Sijauliza hayo. Hapa mtu halazimishwi, anajiandikisha mwenyewe. Baba, kwenye simu uliniambia unataka kuja. Sasa mbona ulirusha?

Ticha akazima simu. Kaa akaangalia viatu vyake. Mzee Tan akamshika binti yake mkono. Ndani wakaita jina la kwanza, tukasikia vibao vikianguka sakafuni, na hakuna aliyegeuka kutazama.